Jibu la Kurukwa

Mwalimu anauliza: mbili mara tatu? Hakuna anayenyoosha mkono. Watoto wamesimama kando ya viti vyao, na darasa zima linaruka papo hapo, mara sita. Aliyedhani jibu ni tano anabaki chini peke yake wenzake wakiwa hewani, na mwalimu ameshajua wa kumwendea.

Zoezi hilo ni la kaskazini mwa Uholanzi, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen waliendesha mradi ulioitwa Fit en Vaardig op School. Shule zilikuwa 12, watoto 499 wa madarasa ya pili na ya tatu. Matokeo ya miaka miwili yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Pediatrics: waliokuwa wakiruka waliwatangulia wenzao katika hesabu na tahajia, kwa kiasi ambacho watafiti walikifananisha na masomo ya miezi minne. Katika kusoma hapakuwa na tofauti.

Habari kama hii ikifika mtaani huwa imeshageuka kuwa "mazoezi yanaongeza akili". Sivyo. Watoto hao hawakuongezewa mchakamchaka. Tuliosoma shule za msingi Tanzania tulikimbia mchakamchaka asubuhi, tukaimba mpaka sauti zikakauka, kisha tukakaa kwenye dawati hadi kengele ya mapumziko. Mbio zilikuwa huku, hesabu kule. Cha Groningen ni kwamba jibu lenyewe lilitoka miguuni.

Tazama kipindi kilivyopangwa. Dakika 20 hadi 30, nusu hesabu na nusu lugha, mara tatu kwa wiki, wiki 22 kwa mwaka. Maswali yalitokea kwenye ubao wa kielektroniki. Kati ya swali na swali watoto hawakukaa. Walikimbia au kupiga gwaride palepale waliposimama. Vifaa vya kupima mapigo ya moyo vilionyesha kuwa takriban asilimia 60 ya muda huo miili ilikuwa kazini kwelikweli, si kujinyoosha tu. Na jambo ambalo wengi hulipita haraka: hapakufundishwa mada mpya. Yalikuwa marudio ya kile ambacho mwalimu alikwisha kukifundisha kwa utulivu, ubaoni na daftarini.

Hapo ndipo naona ufundi wake. Marudio ya kawaida yana ugonjwa mmoja tunaoujua sote: anajibu mmoja, wanangoja wengine. Mwenye tebo kichwani ananyoosha mkono kila mara, asiyenayo anajificha nyuma ya kisogo cha mwenzake. Jibu likiwa la kuruka, kila mtoto analazimika kujibu kila swali. Sina hakika kama faida ilitokana na moyo kwenda mbio au na huku kukosa pa kujificha. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua la pili.

Zoezi hili lina mipaka yake. Saba mara nane hairukwi; hamsini na sita ni adhabu. Mimi ningetenganisha: makofi matano kwa makumi, miruko sita kwa mamoja. Mtoto asiyejua naye hujifunza upesi kuruka kwa kumtazama jirani. Dawa ni kuwapa sekunde tatu za kufikiri na kuwatoa wote kwa mkupuo kwa neno moja, "haya!" Anayechelewa kidogo anaonekana.

Marekani walikuwa wametangulia, katika jimbo la Kansas. Mradi wa kundi la Joseph Donnelly, Physical Activity Across the Curriculum, ulidumu miaka mitatu katika shule 24, lengo likiwa dakika 90 kwa wiki. Mwalimu wa darasa alichukua somo la siku hiyo na kulitia miguu: sakafu ikawa ramani, watoto wakakimbilia kaskazini au magharibi kulingana na swali, mikeka yenye herufi ikatandikwa, neno likaandikwa kwa kurukaruka. Shabaha kuu ilikuwa unene. Matokeo yalipotoka mwaka 2009, kwa jumla kipimo cha uzito kwa urefu hakikutofautiana na cha shule nyingine. Ila katika shule zilizofikisha dakika 75 au zaidi kwa wiki kilipanda kwa 1.8, na katika zisizofikisha kwa 2.4. Ni takwimu ya kupendeza, lakini ishike kwa tahadhari: hakuna aliyepiga kura kuamua shule ipi itimize dakika zake, na shule inayotimiza huenda ina mengine mengi inayotimiza.

Alama za darasani nazo zilipanda, kwa hiyo wakarudi tena. Kuanzia mwaka 2011, shule 17, safari hii shabaha ikiwa masomo yenyewe, dakika 100 kwa wiki. Zilizofundishwa kweli zilikuwa wastani wa 55. Baada ya miaka mitatu hapakuwa na nyongeza ya alama, wala hapakuwa na upungufu. Wengi walisoma hapo kushindwa. Kwangu mimi, mwalimu mkuu anayehofia mtihani angepaswa kuyasoma maneno "wala hapakuwa na upungufu" mara mbili.

Kwa nini Uholanzi ikapata na Kansas ikakosa? Kansas kila mwalimu alijitungia, na kukimbilia magharibi ni kitendo kimoja kwa swali moja. Groningen, kipindi kimoja kilibeba maswali mengi na kila swali lilikuwa na mruko wake. Tena, kilichopimwa Groningen kilijumuisha kasi ya kukokotoa, ambayo ndiyo hasa iliyokuwa ikifanyiwa marudio. Kansas walitumia mtihani mpana zaidi. Kusoma hakunolewi kwa kurukaruka, na sishangai kwamba Groningen hakukubadilika.

Kansas waliona pia kwamba watoto walijitahidi zaidi pale mwalimu mwenyewe aliporuka nao. Mwalimu mwenye viatu vya visigino na daftari za kusahihisha mkononi na alizingatie hilo kabla ya kukubali mradi.

Kwetu kikwazo cha kwanza ni dawati. Lile la mbao lililoungana na benchi, watoto watatu: wa pembeni wanatoka, wa katikati amebanwa. Basi toka nje, chini ya mwembe, na ubao wa kielektroniki usiuwaze. Kijiti na mchanga vinatosha. Kitu cha kubadilisha ni somo la lugha. Kuruka kwa kila herufi ya neno, kama walivyofanya Groningen, kunawafaa Waholanzi. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na mtoto wetu hutatizwa zaidi na silabi. Basi aruke silabi. "Mbuzi" ni mara mbili. "Nchi" je? Wengi wataruka mara moja na kusimama, wakiangaliana. Waambie waitamke polepole, wasikie ile "n" ikikaa peke yake kabla ya "chi", kisha waruke tena.