Pima Kahawa ya Jebena kwa Kikombe cha Pili

Ethiopia ina fadhila moja ambayo msafiri mpenda kahawa haipati katika nchi nyingi: kahawa huoshwa, hukaangwa, hutwangwa na kupikwa mbele ya macho ya mgeni. Mwenye pua nzuri na subira anaweza kukijua kikombe kabla hakijamfika mdomoni. Akiwa amefuatana na wazazi na watoto, kila mmoja ana cha kutazama, cha kunusa na cha kuuliza. Mwongozo huu ni wa yule atakayeketi kwenye kigoda cha Addis Ababa, Jimma au Harar na anataka kujua anachokitazama.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili. Kahawa ya jebena, yaani ule mtungi mweusi wa udongo wenye shingo nyembamba, hunywewa kwa mizunguko mitatu: abol, tona na baraka. Unga ni uleule; kinachoongezwa ni maji. Abol ni nzito, na uzito wake hufunika kasoro nyingi. Tona haina pa kujificha. Kwa hiyo tazama kila hatua, lakini hukumu iweke akiba hadi kikombe cha pili.

Punje kabla ya moto

Asili ya mbuni wa arabika ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, na katika misitu ya Kafa, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha yake ya hifadhi hai mwaka 2010, mbuni bado huota wenyewe chini ya miti mikubwa. Waethiopia hunywa karibu nusu ya kahawa wanayovuna. Hata hivyo, punje za daraja la juu hukusudiwa soko la nje, na zinazobaki nyumbani mara nyingi zimechanganyika. Ndiyo maana mpishi hodari huanza kwa kuchambua. Mtazame anapomimina punje mbichi kwenye sinia: akitoa zilizovunjika, nyeusi na zenye matundu ya wadudu, umefika pazuri.

Uliza pia kahawa imetoka wapi. Ya Yirgacheffe, ambayo nyingi huoshwa baada ya kumenywa, huwa nyepesi, yenye harufu ya asumini na limau. Ya Harar hukaushwa juani pamoja na tunda lake, nayo huwa nzito, yenye utamu wa matunda yaliyoiva sana. Usiilaumu Harar kwa kukosa wepesi wa Yirgacheffe. Kila moja ipime kwa tabia ya kwao.

Kikaango na moshi

Punje huoshwa ndani ya kikaango chenyewe, zikasuguliwa kwa kiganja hadi ngozi nyembamba itoke, kisha maji yakamwagwa na kikaango kikarudi juu ya mkaa. Hapa ndipo mkono wa mpishi unapojulikana. Anayejua hukoroga bila kupumzika, na mkaa wake ni mwekundu usio na ndimi za moto. Punje hupita kwenye kijani, njano, kisha hudhurungi, halafu huanza kupasuka kwa sauti kama ya bisi. Baada ya mlio huo, muda mfupi tu hutenganisha kahawa tamu na makaa.

Mama yangu, aliyekulia Tanga kwa kahawa ya dele na kashata, alinifundisha kipimo kisichohitaji chombo chochote. Tulipokuwa Addis Ababa aliomba punje moja iliyokwisha kupoa, akaivunja kwa kucha na kutazama ndani. Rangi ya ndani ilikuwa sawa na ya nje, naye akaridhika. Punje nyeusi nje na yenye rangi ya majani makavu ndani imekaangwa kwa moto mkali wa haraka, na itakuwa chungu na chachu kwa pamoja. Tazama pia punje zinazokataa kubadilika rangi wakati zile nyingine zimekolea: zilichumwa mbichi, na chache tu zinatosha kuleta ladha ya karanga isiyoiva.

Kisha kikaango hupitishwa kwa wageni, nawe huuvuta moshi kwa mkono kuelekea usoni. Moshi mzuri una harufu tamu ya mkate unaotoka tanurini. Unaowasha macho na kukereketa koo umepitiliza. Nusa wakati huo, kabla ubani haujakolea kwenye chetezo, kwa sababu ubani ukitawala chumba pua haiwezi tena kutoa ushahidi.

Kinu, jebena na mmimino

Kahawa hutwangwa kwa kinu na mchi. Unga uwe wa wastani: ukiwa laini kupita kiasi hautatuama, ukiwa wa chengachenga maji hayatapata kitu. Hutiwa kwenye jebena ambamo maji yamechemka, ikapanda hadi shingoni, ikaepuliwa. Sasa inafuata hatua ambayo wengi wenye haraka huiharibu, nayo ni kusubiri. Jebena iliyoepuliwa hulazwa kidogo kwenye kigata chake ili mashapo yatue chini. Ukiona imeepuliwa na kumiminwa papo hapo, jiandae kutafuna.

Mmimino ndio mtihani wa mwisho wa mkono. Vikombe vidogo visivyo na vishikio hupangwa vikikaribiana, na mpishi humimina kutoka juu, uzi mmoja mwembamba, akihama kikombe hadi kikombe bila kuinua jebena. Kila anapokatisha na kuanza tena, mashapo hutibuka. Ukimaliza kikombe, tazama chini: tope laini na jembamba ni la kawaida, lakini chembe zinazokwaruza meno ni ishara ya kinu kibaya au haraka.

Kwenye vibanda vya barabarani mara nyingi kahawa imekaangwa mapema, kwa hiyo kipimo ni jebena yenyewe. Chagua muuzaji anayeiondoa motoni ikishachemka. Inayoachwa ikitokota juu ya mkaa mchana kutwa hutoa uchungu ambao sukari haiwezi kuuondoa.

Abol, tona, baraka

Omba abol bila sukari, na useme mapema, kwani wenyeji wengi huitia kwa ukarimu. Onja uzito, harufu na ukali wake wa kwanza, kisha usubiri. Maji yakiongezwa na jebena kuchemka tena, ukali na harufu za juu zimekwisha ondoka. Kilichobaki ni msingi. Punje safi iliyokaangwa vizuri hutoa tona laini, yenye utamu mdogo unaobaki ulimini baada ya kumeza. Punje iliyoungua hutoa majivu. Iliyochumwa mbichi hutoa ladha ya majani makavu. Iliyohifadhiwa penye unyevunyevu hutoa harufu ya gunia. Ukitamani tona nyingine bila kuitafutia sukari, umeketi kwa fundi. Baraka, ya tatu, ni nyepesi sana. Kuisubiri ni adabu kwa mwenyeji aliyekupa muda wake.

Ukiwa na familia

Shughuli hii huweza kuchukua saa nzima au zaidi, kwa hiyo iweke alasiri, watoto wakiwa wameshiba na hakuna gari la kuwahi. Kikombe cha kwanza huenda kwa mkubwa kwa umri. Mwache bibi au babu apokee mbele yako, na mwenyeji atajua mmelelewa. Watoto hupewa bisi, kolo, yaani shayiri ya kukaanga, au mkate. Wape na kazi: kupeleka vikombe kwa wakubwa, au kuusikiliza mlio wa punje na kuutangaza.

Asiyependa kahawa nzito ana njia nyingine. Waitaliano waliikalia nchi kuanzia 1936 hadi 1941 na mashine zao za espreso zilishika mizizi; makiyato ya Addis Ababa, kahawa fupi yenye maziwa kidogo, inasifika kwa haki. Katika duka la Tomoca, lililoanza mwaka 1953, wateja hunywa wakiwa wamesimama. Makiyato ipime kwa vipimo vyake: maziwa yasiyochemka kupita kiasi, na kahawa inayosikika chini yake.

Ya kurudi nayo nyumbani

Nunua iliyokaangwa karibuni, yenye tarehe kwenye mfuko. Mbichi ni mazao ya mimea, na mpakani unaweza kutakiwa hati. Ukinunua jebena, ichemshe mara kadhaa kwa unga uliokwisha tumika kabla ya kumpa mgeni, ili ladha ya udongo itoke.

Kumbuka pia kimo cha nchi. Addis Ababa iko karibu mita 2,350 juu ya usawa wa bahari, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Mombasa au Dar es Salaam huchemka kwenye 100. Moto uleule na muda uleule vitakupa kahawa chungu zaidi Pwani. Epua mapema, subiri itue, mimina mara moja. Kisha ongeza maji, rudisha jikoni, na kikombe cha pili kikuambie kama umejifunza.