Ngumi ya Kirby Iliyosimama Hewani

Mfululizo wa The Marvel Super Heroes, ulioanza kurushwa na vituo vya televisheni vya Marekani Septemba 1966, umebaki kuwa kichekesho kwa wapenzi wengi wa katuni. Thor anaruka bila kukunja goti. Captain America anatoa hotuba nzima huku mwili umeganda kama mnara wa kumbukumbu, kinachochezacheza ni mdomo tu. Hukumu ya kawaida ni fupi: fedha hazikutosha, mwendo ukapunguzwa, kazi ikaharibika. Naona hukumu hiyo imemkamata asiyehusika. Picha kutulia si kosa. Kosa la mfululizo ule liko katika namna ulivyogawa muda, na mahali ulipoamua kuutumia ule mwendo kidogo uliokuwa nao.

Kazi ilifanywa na studio ya Grantray-Lawrence. Ilitakiwa kutoa vipindi 65 vya nusu saa, kila kimoja na vipande vitatu vya dakika saba hivi. Hivyo ni vipande 195, zaidi ya saa 22 za katuni, kwa mashujaa watano: Captain America, Hulk, Iron Man, Thor na Sub-Mariner. Katika uhuishaji kamili, sekunde moja ya filamu hula fremu 24, na kwa kawaida mchoro mmoja hupigwa picha mara mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Kipande kimoja cha dakika saba kingedai michoro 5,040, na hapo hujamhesabu mhusika wa pili anayesogea pembeni. Studio ikachukua kilichokuwa tayari mezani: majarida ya Marvel yenyewe. Kurasa za wachoraji Jack Kirby, Steve Ditko, Don Heck na wenzao zikanakiliwa kwa mashine ya Xerox. Teknolojia hiyo haikuwa ngeni. Ub Iwerks alikuwa ameshaiingiza Disney, na matunda yake yalionekana katika One Hundred and One Dalmatians ya 1961. Ila Disney walinakili michoro ya wahuishaji wao wenyewe, iliyochorwa ili isogee. Hawa walinakili ukurasa uliochorwa ili usomwe.

Usidhani ilikuwa bandika bandua. Kisanduku cha jarida kina viputo vya maneno vilivyokalia ukuta, bega, pengine nusu ya ghorofa. Ukikitoa kiputo, chini yake hamna kitu, kwa kuwa mchoraji hakuwa na sababu ya kuchora pale. Lazima mtu aujaze ukuta. Mhusika aliyekatwa kiunoni na ukingo wa kisanduku atahitaji miguu ikiwa kamera itateremka. Mkono unaotakiwa kusogea hutengwa na mwili, ukapewa karatasi yake ya plastiki angavu, kisha pengo lililobaki begani likazibwa. Ndiyo maana picha moja huweza kuwa na wino wa aina mbili: mstari mnene wa jarida, unaovimba na kusinyaa, na kando yake mstari mwembamba wa fundi wa studio aliyekuwa akikimbizana na tarehe.

Sasa tazama walichopata kwa taabu hiyo. Mhuishaji huanza na mikao mikuu, ile inayobeba maana ya tendo, ndipo wasaidizi wake wachore hatua za katikati. Kirby alikuwa bingwa wa mikao mikuu. Mtu wake anayepiga ngumi hachorwi akiwa katikati ya safari. Mguu mmoja umeshaachia ardhi, bega limetangulia, ngumi imekuja usoni mwa msomaji ikiwa kubwa kuliko kichwa cha mwenye nayo. Mchoro wa namna hiyo ukiupitishia kamera kwa kasi, ukautikisa kidogo, ukaupigia mdundo wa sauti, jicho linamalizia lenyewe. Sehemu za mapigano katika mfululizo ule bado zina nguvu, na humo ndimo mwendo ulimo kidogo kuliko kote.

Kinachodhoofika ni mazungumzo. Mtu aliyetulia kabisa tunampokea kama mchoro, na hatumdai kitu. Mpe mdomo unaofunguka na kufumba, basi umetangaza kwamba yu hai, na papo hapo shingo, kifua na vidole vinaanza kuonekana vimekufa. Mwendo kidogo uliowekwa mahali pabaya unadhuru kuliko kutokuwepo kabisa.

Halafu kuna muda. Chukua jarida la kurasa 20 lenye visanduku vitano au sita kwa ukurasa: ni visanduku 100 hadi 120. Vitandaze katika vipande vitatu, dakika 21, na kila kisanduku kitakaa machoni kama sekunde 11. Msomaji wa jarida ana mamlaka juu ya saa yake. Ngumi huipita kufumba na kufumbua, uso wenye huzuni akaukalia. Pengo jeupe kati ya kisanduku na kisanduku ndilo analolijaza kwa mwendo wake mwenyewe. Televisheni ilimnyang'anya saa hiyo, ikalijaza pengo kwa maneno ya msimulizi anayeeleza kile ambacho picha imeshasema.

Mtu atanijibu kwa methali, kwamba rahisi inavunja upishi, na kwamba ninawatafutia mabahili falsafa. Ufinyu wa fedha ulikuwepo kweli, na unaeleza kwa nini njia hii ilichaguliwa. Hauelezi kwa nini baadhi ya sehemu zinafaulu na nyingine zinaanguka ilhali zote zilipikwa kwa chungu kimoja. Shahidi wangu ni La Jetée ya Mfaransa Chris Marker, ya 1962: dakika 28, karibu yote picha za mnato, bila midomo ya kuchezesha. Mwanamke mmoja anapofumbua macho, mara hiyo moja tu picha inaposogea, mtazamaji anashtuka. Marker naye hakuwa na fedha nyingi. Alijua aziweke wapi.

Wengine watasema kompyuta imelimaliza tatizo. Ushahidi unakataa. Katuni ya Watchmen ya 2008, iliyotokana na michoro ya jarida ya Dave Gibbons, ilikuwa na kila chombo ambacho Grantray-Lawrence ilikikosa: tabaka za picha, kina, moshi unaopanda taratibu. Ikaendelea kwa zaidi ya saa tano, msomaji mmoja, Tom Stechschulte, akisema sauti zote, wanawake wakiwemo, huku viputo vya maneno vimeachwa mbele ya macho. Unasoma sentensi, unamaliza, kisha unamsubiri naye amalize. Ni zile sekunde 11 zimerudi, safari hii zikiwa na picha safi.

Mwaka 1967 Grantray-Lawrence yenyewe iligeukia Spider-Man, ikaacha kunakili kurasa, ikachora upya ili shujaa atembee na kubembea. Mwendo ukaongezeka. Gharama yake inaonekana kifuani mwa Spider-Man: ile mistari ya utando ambayo Ditko aliichora mmoja mmoja imeondolewa, limebaki pande la rangi nyekundu tupu.