Baridi ya Kiminini na joto la hewa ndani ya injini

Barabara ya Webuye kwenda Kitale huanza kwenye kimo cha mita 1,500 hivi na kukaribia mita 1,900, ikipitia Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Kwa kuwa huku juu kuna ubaridi, ni rahisi kudhani kwamba injini ya lori hupata hewa baridi kuliko ile ya Mombasa. Hesabu inakataa. Chukua tabo, yaani kifaa kinachoshindilia hewa kabla haijaingia kwenye injini, yenye ufanisi wa asilimia 70, na injini inayotaka mgandamizo wa kilopaskali 200. Mombasa, hewa ya nje ina kilopaskali 101 na joto la digrii 30. Tabo ikiishindilia maradufu, hutoka na digrii 123 hivi. Kiminini, hewa ya nje ina kilopaskali 82 tu. Hata siku ya digrii 22, tabo hulazimika kuishindilia karibu mara mbili na nusu, nayo hutoka na digrii 144. Lori lililoanza na nafuu ya digrii 8 limeishia na digrii 21 za ziada.

Fundi makini atapinga kwamba tabo nyingi za zamani haziwezi kufika huko, kwa sababu vali zake hufunguka na kupunguza kasi mara tu mgandamizo unapozidi ule wa nje kwa kiasi kilichowekwa. Ni kweli. Kiasi hicho kikiwa kilopaskali 100, injini ya Kiminini itapata 182 badala ya 200, na hewa itatoka na digrii 130. Bado ni moto kuliko Mombasa, na sasa ni pungufu pia. Mwingine atasema kwamba intakula, yaani rejeta ya hewa inayotoka kwenye tabo, ipo kwa kazi hiyo hiyo ya kupoza. Lakini hewa inayopita kwenye mapezi yake nayo ni nyepesi: kwa mwendo ule ule, uzito wake umepungua kwa karibu sehemu moja ya sita. Ongeza vumbi la murramu na makapi ya msimu wa kuvuna mahindi, Oktoba hadi Desemba, na intakula inadaiwa kazi kubwa zaidi wakati uwezo wake umeshuka.

Kwa hiyo kulinganisha malori mawili kwa digrii za manifodi peke yake, yaani za hewa iliyokwisha kupita intakula, ni kupotezana. Tuseme moja limepimwa alfajiri, nje kukiwa na digrii 14, likaonyesha 46. La pili limepimwa adhuhuri, nje kukiwa na 27, likaonyesha 50. Kwa mzigo na mwendo sawa, lenye hitilafu ni la kwanza, maana hewa yake imeizidi ya nje kwa digrii 32, na la pili kwa 23 tu. Vipimo vinavyofaa ni vitatu: hewa ya nje, hewa kwenye mdomo wa tabo inapoingilia, na hewa ya manifodi. Cha pili kisipuuzwe, kwani bomba likivuta hewa karibu na injini, kila digrii moja iliyoongezeka hapo huwa karibu digrii moja na nusu baada ya tabo. Vichukuliwe lori likipanda kipande kile kile kwa gia ile ile, si baada ya kusimama, kwa sababu chuma kilichopata moto hukidanganya kihisi.

Pingamizi lililobaki ni kwamba dizeli huchomwa na hewa nyingi kuliko inayohitajika, hivyo digrii chache hazidhuru. Lori tupu kwenye tambarare halitajali. Lori lililojaa linalopanda kwa nguvu zote limeshamaliza akiba hiyo kwa sababu ya kimo, na kila digrii 3 za ziada huondoa karibu asilimia moja ya hewa iliyobaki. Matokeo yake ni moshi mweusi, na mara nyingi pampu na nozeli ndizo hulaumiwa kwanza. Kuosha mapezi, kuziba mipira inayovuja na kupima tena ni kazi ya saa chache. Kufungua pampu ni gharama kubwa. Vipimo vitatu ndivyo vinavyoamua pa kuanzia.