Tuseme: Nani Mwenye Kauli?

Mtu wa Nambambo, Nachingwea, hahitaji kufundishwa kwamba sanaa hulea: katika nchi ya Wamwera, unyago umewafunza mabinti kwa nyimbo na ngoma tangu kale. Lakini humo mwali husikiliza. Mwenye kauli ni kungwi. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uligeuza zamu: wanafunzi wa kike wachunguze wenyewe yanayowakwamisha shuleni, kisha wayaigize mbele ya wakubwa. Hapo ndipo ilipo thamani yake. Sanaa inayokodiwa kubeba ujumbe wa mfadhili hurejea kwenye ukungwi, bila mapenzi ya kungwi. Mhakiki basi asihesabu makofi. Aulize: igizo lilipokwisha, mkubwa gani alijibu?