Nani Alilipa Nauli?

Ukisoma makala za Kiswahili kuhusu wanamichezo waliofanikiwa, utaona aya ya pili ni ileile kila mara. Alizaliwa katika familia ya kawaida. Alianza kucheza mchangani. Wazazi walitaka asome kwanza. Hakukata tamaa, na siku moja kocha akamwona. Aya ya tatu ikianza, kijana ameshasaini mkataba.

Katikati ya aya hizo mbili kuna kitu kimeachwa. Nilianza kukitafuta kwa sababu ya kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Tunduma. Ni beki wa kushoto, na anajua mpira kwelikweli. Asubuhi hupakua mizigo karibu na mpaka kwa malipo ya kutwa, jioni hufanya mazoezi. Mwaka juzi aliitwa Mbeya kwenye majaribio ya siku tatu ya timu moja ya vijana. Alipiga hesabu: nauli ya kwenda na kurudi, chakula, pa kulala, na siku tatu bila kibarua. Hakwenda. Leo watu wanasema alikata tamaa. Neno hilo wamelitoa kwenye zile makala.

Kitabu kilichonisaidia kuliona tatizo hili hakitoki kwetu, wala hakihusu soka. Ni riwaya ya Mwingereza David Storey, This Sporting Life, iliyochapishwa mwaka 1960. Inahusu miaka ya mwanzo ya mchezaji wa kulipwa wa raga ya ligi, ile ya wachezaji 13 kila upande. Hapa Songwe sijawahi kuona mchezo huo ukichezwa, lakini chanzo chake angekielewa mpakua mizigo yeyote wa Tunduma. Mwishoni mwa karne ya 19, wachezaji wengi wa raga kaskazini mwa Uingereza walikuwa watu wa migodini na viwandani. Aliyeacha kazi Jumamosi akaenda kucheza alikosa ujira. Klabu zao zikaomba ruhusa ya kuwafidia muda huo. Wakubwa wa chama cha raga wakakataa kwa hoja kwamba mchezo ni wa ridhaa. Agosti 1895, klabu za kaskazini zilikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield, zikajitenga. Mchezo mzima ulitokana na swali la nani amlipe mtu siku aliyoacha kazi.

Storey mwenyewe aliucheza. Alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Wakefield, akasaini na klabu ya Leeds akiwa kijana. Kwa muda fulani alisoma sanaa London siku za wiki, kisha akapanda treni kurudi kaskazini kucheza mechi. Labda ndiyo maana riwaya yake haina ile aya ya pili ninayoilalamikia. Inaanza uwanjani, mhusika mkuu Arthur Machin akivunjwa meno ya mbele. Akiwa kwa daktari wa meno, ndipo kumbukumbu zinapomrudisha nyuma, na sisi tunaona alivyofika hapo.

Tunachokiona si kipaji kinachong'aa chenyewe. Machin ni fundi wa kiwandani. Majaribio anayapata kwa sababu mzee mmoja, Johnson, anahangaika kumwombea nafasi. Mwenye kiwanda anachofanyia kazi, Weaver, ni mmoja wa vigogo wa klabu hiyohiyo. Mama mjane anayempangisha chumba, Mrs Hammond, mumewe alifia katika kiwanda hichohicho. Ukifunga kitabu unajua nani alimsemea nani, nani alikuwa na deni kwa nani, na nani alisahauliwa baada ya mkataba. Mzee Johnson ni mmoja wa waliosahauliwa.

Nikiwa na riwaya hiyo kichwani, nilirudi kwenye simulizi ambayo kila kijana wa hapa anaijua, ya Mbwana Samatta. African Lyon, Simba, kisha TP Mazembe mwaka 2011. Ubingwa wa Afrika mwaka 2015. Januari 2016, tuzo ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara, halafu Genk ya Ubelgiji. Mwaka 2020, Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Yote ni kweli, na yote ni fahari yetu. Lakini angalia miaka ilivyogawanywa. Miezi michache ya Villa imeandikwa kurasa kwa kurasa. Miaka ya Lubumbashi, iliyomtengeneza, mara nyingi hupata sentensi moja.

Kwa msomaji wa Tunduma pengo hilo linashangaza, maana Lubumbashi si mbali na mawazo yetu. Malori tunayoyaona kwenye foleni kila siku yanavuka Nakonde, yanakata Zambia hadi Kasumbalesa, yanaingia Katanga, na yanarudi na shaba. Mazembe aliyoichezea Samatta ilikuwa chini ya Moïse Katumbi, mfanyabiashara aliyewahi kuwa na kampuni ya kazi za migodini na aliyekuwa gavana wa Katanga. Ilikuwa klabu yenye uwezo wa kumtoa kijana Dar es Salaam, kumlipa vizuri na kumpeleka fainali za bara. Uchumi unaopita mbele ya milango yetu ndio uliogharimia sehemu muhimu ya kipaji cha taifa. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuueleza uhusiano huo ana kitabu kizima mkononi. Sisi tunamwandikia kijana kwamba Samatta alijituma.

Ndivyo ilivyo hata kwa Lucas Onyango, Mkenya aliyetoka raga ya wachezaji 15 akaenda kucheza raga ya ligi Uingereza, Widnes na Oldham. Karibu kila nilichosoma juu yake ni orodha ya klabu. Orodha inaeleza alikofika, haielezi alivyofika.

Sisemi Storey amemaliza kila kitu. Machin ndiye anayesimulia, kwa hiyo Mrs Hammond tunamwona kwa macho ya mwanaume anayemtaka na kumwonea. Viatu vya marehemu mumewe bado viko karibu na moto, na Machin anaviona kama mpinzani. Yeye mwenyewe, mwenye watoto wawili na pato dogo, anaonaje kulisha mtu anayezidi kuwa maarufu? Riwaya inatuacha tubahatishe. Na hapo kwetu tunafanya vibaya zaidi. Mama yupo kwenye makala zetu kwa sentensi moja tu: alimwombea.

Wapo watakaosema vijana wanahitaji matumaini, si hesabu za nauli. Nakubali wanahitaji matumaini. Lakini simulizi inayoficha gharama inamfundisha asiyefika kwamba kosa ni la moyo wake, na inawaondolea wengine wote wajibu. Wachezaji wa 1895 hawakuambiana wajitume zaidi. Walidai siku yao ilipwe.

Mwezi uliopita wenzake wa yule beki walianza kuchanga, kila mtu kidogo baada ya mazoezi. Mmoja anaandika majina na kiasi kwenye daftari la shule. Wanasema majaribio yakitangazwa tena, nauli itakuwepo, na nyumbani kwake patabaki kitu cha siku tatu. Sijui kama atachaguliwa. Akichaguliwa, atakayekuja kuandika habari zake aombe kwanza kuliona hilo daftari.