Inkiranya na Dholi: Jinsi Ngoma Nyingi Zinavyosikika Kuwa Moja

Mkazi wa Lilongwe apendaye ngoma nzito aghalabu huzitafuta mjini mwisho wa juma. Lakini tangu mwaka 2014, Menes La Plume, mshairi na mwanamuziki Mkongo aliyekuwa mkimbizi, alipoanzisha Tamasha la Tumaini katika kambi ya Dzaleka, mahali palipokuwa gereza kabla ya kambi kufunguliwa mwaka 1994, watu wa mji ndio wafungao safari ya yapata kilomita 45 kuwafuata wakimbizi, na baadhi yao hulala majumbani mwa wenyeji wao. Miongoni mwa mambo wayafuatayo huko ni ngoma za Warundi, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka ule ule wa 2014. Nia yangu ni kueleza jinsi zinavyopigwa, nikizilinganisha na kazi ya Bloodywood, bendi ya metali kutoka New Delhi, ambayo mwaka 2019 ilipanda jukwaa la tamasha la Wacken, Ujerumani, ikiwa na dholi, ngoma ya Kihindi, katikati ya magitaa ya umeme.

Ngoma ya Kirundi ni gogo lililochongwa na kutobolewa ndani, likawambwa ngozi ya ng'ombe iliyokazwa kwa vigingi vya mti. Idadi yake kwa desturi huwa witiri, nazo hupangwa nusu duara kuizunguka ile ya katikati, iitwayo inkiranya. Ngoma ziitwazo amashako hushika mdundo mmoja usiokatika, na ziitwazo ibishikizo hufuata amri ya inkiranya. Ukisimama karibu utaona ya kuwa mpigaji haulazi mti wake juu ya ngozi: huushusha kwa nguvu na papo hapo huuacha urudi juu, kwani mti ukikawia huizuia ngozi kutetemeka, na sauti hufa. Mara kwa mara hugonga ukingo wa mbao, na mlio huo mkavu huonyesha mahali hasa pa pigo, jambo ambalo mngurumo wa ngozi peke yake hauwezi kulibainisha.

Hiyo nusu duara nayo si pambo. Sauti husafiri yapata mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila hatua kati ya mpigaji na mpigaji ni ucheleweshaji, mdogo lakini wa hakika; na maadamu wote wamesimama kwa umbali uliokaribiana kutoka katikati, amri ya inkiranya huwafikia takriban kwa wakati mmoja, na macho ya wote huuona mkono ule ule ukipanda na kushuka.

Bendi ya metali huupata umoja huo kwa njia nyingine. Dholi ina nyuso mbili, mmoja wa sauti nene upigwao kwa mti mzito uliopinda, na mwingine wa sauti kali upigwao kwa ufito mwembamba. Na ule mnene huangukia eneo moja la sauti na gitaa la besi na ngoma ya mguu, hata vitatu hivyo vikiachwa pamoja hugeuka uvumi usioeleweka. Kwa hiyo fundi wa mitambo huweka maikrofoni kila uso, akakipunguzia chombo kimoja unene ili kingine kipate nafasi. Mpiga gitaa huzifisha nyuzi kwa kiganja ili mlio wake ukatike kabla ya kulifunika pigo. Na wote huufuata mdundo mmoja kutoka spika za jukwaani au vipokea sauti vya masikioni.

Ni dhahiri basi ya kwamba nguvu ya muziki huu, wa Kirundi na wa Kihindi sawia, haitokani na kishindo, bali na nidhamu: mmoja huamuru, na wengine hujua wakati wa kumwachia nafasi.

Kwa sababu hiyo nawasihi mafundi wa sauti watakaohudumu Dzaleka, na popote ngoma hizi zialikwapo, wasiweke maikrofoni moja mbele ya kundi zima, kwani itaichukua ngoma iliyo karibu na kuizamisha inkiranya. Ya kwanza iwekwe kwenye inkiranya, ya pili kwenye amashako, ndipo nyingine zifuate. Wala wasikubali nusu duara inyooshwe kuwa mstari ili kuwaridhisha wapiga picha, maana wa pembeni wataisikia amri baada ya wenzao, na ngoma haitakuwa moja tena.