Jinsi Mkama Ndume alivyoijenga Pujini

Kama kilomita 10 kusini-mashariki ya Chake Chake, kisiwani Pemba, yamelala magofu ambayo hayana mwenzake katika pwani nzima ya Waswahili. Kilwa ina Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lililosimama juu ya mwamba wa bahari. Gedi ina kuta zake za mji. Lakini boma la mtawala lililozungushiwa matuta ya udongo na kuta za mawe, lenye mfereji wa kuingizia vyombo kutoka baharini, lililojengwa kabla Wareno hawajaonekana upande huu wa dunia, linajulikana moja tu, nalo ni Pujini. Mapokeo ya kisiwani yanamtaja mjenzi wake kuwa ni Muhammad bin Abdulrahman, ambaye watu walimbandika lakabu ya Mkama Ndume kwa jinsi alivyowakamua raia zake. Wanaakiolojia, hasa Adria LaViolette aliyeanza kazi hapo mwishoni mwa miaka ya 1980, wanaliweka boma hilo katika karne ya 15.

Habari zake zilizobaki midomoni karibu zote ni za ukatili. Zilikwishakuwa kongwe wakati F. B. Pearce, Balozi Mkazi wa Uingereza Zanzibar, alipochapisha kitabu chake mwaka 1920. Sizidharau hata kidogo. Hata hivyo mtawala anayesimuliwa na waliomchukia anahitaji shahidi wa pili. Nero, aliyefariki mwaka 68, tunamjua zaidi kwa kalamu za Tacitus na Suetonius, walioandika miaka mingi baadaye, lakini Roma ina pia mabaki ya Domus Aurea, jumba alilolijenga baada ya moto wa mwaka 64, na mabaki yale yana ushahidi wao. Mkama Ndume hakupata mwandishi. Kazi yake tunayo.

Tuanze na udongo, kwa kuwa ndio mwingi zaidi. Boma lina eneo la kama hekta 1.5. Tukilichukulia kuwa ni mraba, mzingo wake ni karibu mita 490. Tuseme tuta lilipandishwa kimo cha mita 3 juu ya kitako cha mita 8, likachongoka juu: hapo tunapata kama mita 5,900 za ujazo. Mtu mwenye jembe na pakacha akichimba, akibeba na kushindilia mita moja ya ujazo kwa siku, watu 100 wanamaliza katika miezi miwili. Vipimo vya tuta hapa ni vya kukisia, lakini hata ukivizidisha mara mbili hupati kazi ya kizazi kizima. Msimu mmoja wa kiangazi, kati ya mavuno na kupanda, ungetosha. Kwa hiyo tuta lenyewe halithibitishi kuwa alikuwa na majeshi ya watumwa. Linathibitisha kwamba aliweza kuwatoa watu mashambani kwa pamoja, wakati mmoja, na kuwalisha au kuwaacha wajilishe.

Mawe ni habari nyingine. Jiwe la matumbawe linapatikana kwa wingi upande wa mashariki wa Pemba, lakini ukuta unasimama kwa chokaa, na chokaa inakula miti. Magogo hupangwa kwa tabaka, matumbawe yakawekwa juu, moto ukawashwa, kisha majivu meupe yakamwagiwa maji na kuachwa yaive kwa miezi kabla fundi hajayagusa. Kila pipa la chokaa lina shehena ya kuni nyuma yake. Halafu kuna boriti. Paa bapa la chokaa na kokoto ni zito mno, na boriti ya mkandaa iliyo nyoofu haivuki sana mita 3, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani yetu ni virefu na vyembamba. Ndani ya Pujini kulikuwa na majumba makubwa na msikiti. Hapo ndipo penye gharama ya kweli: mafundi waliojifunza kazi, waliohitaji kutunzwa mwaka hadi mwaka, siyo vibarua wa kuswagwa.

Nasema hivyo kwa sababu ya kisa kinachosimuliwa kuliko vyote, kwamba Mkama Ndume aliwalazimisha watu kubeba mawe kichwani huku wakijikokota kwa makalio. Kama utaratibu wa ujenzi, haiwezekani. Mtu anayejikokota hafikishi hata sehemu ndogo ya mzigo wa anayetembea, na chokaa iliyokwisha kuchanganywa haimsubiri mchukuzi. Jengo lisingekwisha. Kama adhabu ya mbele ya watu, kwa wachache waliochelewa au waliokaidi, inawezekana kabisa, na adhabu ya namna hiyo ndiyo inayokaa katika kumbukumbu miaka 500. Nakiamini kisa hicho kwa maana hiyo.

Sasa mfereji, ambao kwangu ndio akili ya mahali pote pale. Pujini haikukaa ufukweni wazi. Iko ndani, nyuma ya mikoko, na maji yaliletwa kwenye boma kwa mkondo uliochimbwa, ili vyombo vidogo viingie na kupakua chini ya ulinzi wake. Mpemba yeyote anayevua anajua maana yake. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika bahari hii hufika mita 3 na zaidi. Mfereji wa namna hiyo unafunguka maji yakijaa na kujifunga yakipwa. Chombo kinaingia na maji, kinakaa juu ya tope, kinatoka na maji yanayofuata. Nahodha aliyekwisha kuingia hana tena uhuru wa kung'oa nanga bei isipompendeza. Kwa saa kadhaa bidhaa yake iko mkononi mwa mwenye boma, na katika siku za maji mafu huenda ikakaa zaidi. Na adui anayekuja maji yakiwa yamepwa hana budi kushuka na kukanyaga tope la mikokoni, akionekana kutoka juu ya tuta. Ushuru na ulinzi vilipatikana kwa kazi moja ya jembe.

Wengi husema boma lilijengwa kwa hofu ya maadui. Huenda, lakini mfereji haumfukuzi mgeni: unampitisha mahali pamoja tu.

Kisima cha boma kinafuata mantiki ile ile. Kina ngazi ya kushukia na ukuta unaokigawa, na watu husimulia kuwa mtawala alikuwa na wake wawili waliooneana wivu, mmoja akichota kwa ndoo na kamba, mwingine akiteremka kwa ngazi, wasikutane. Sina sababu ya kumnyima mtu wake zake. Ila fundi wa visima angetazama kwanza maji: karibu na bahari maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, na ukichimba kina kupita kiasi umeyaharibu. Ngazi inakuwezesha kuyafuata maji yanapopanda na kushuka bila kuchimba zaidi. Ukuta hauyagawi maji hayo, kwani chini ni mamoja. Unawagawa wachotaji. Katika boma lililoingiza mabaharia na vibarua, kutenganisha njia ya watu wa nyumbani na njia ya wengine kulikuwa na faida hata bila wivu.

Kitu kinachonigusa zaidi kiko chini ya ardhi: chumba ambacho ukutani mwake imechongwa kwa chokaa sanamu ya siwa. Siwa, baragumu kubwa, ndiyo iliyokuwa alama ya utawala pwani yote hii. Lamu na Pate zilikuwa na za kwao, moja ya shaba na moja ya pembe, na hazikupulizwa ila kwa ruhusa ya wenye mji, katika harusi na sherehe zao. Kwa kawaida siwa hutangaza, hutoka nje ikasikika. Ya Pujini imewekwa ndani kabisa, mahali pasipofikika bila kupita tuta, ukuta na ngazi. Aliyeteremshwa hadi pale alikuwa ameruhusiwa mara tatu.

Mapokeo yanamtaja Harun wa Chwaka, karibu na Tumbe kaskazini mwa kisiwa, kuwa ni mwanawe. Ukienda Chwaka unaona mji wa aina nyingine. LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba huko na kukuta misikiti minne ya mawe, makaburi ya mawe, na watu wengi wakikaa katika nyumba za udongo na makuti. Chokaa ilikuwa ile ile na kuni zile zile, na walioibeba ni Wapemba kama wale wa Pujini. Lakini Chwaka ilikwenda mahali ambapo mji mzima uliingia kuswali na kuzika.